Muulize Mjomba: Picha ya staa aliyezidiwa mlimani, harusi ya nchi mbili, na Nandy ni wa nani

Mwezi huu mmeniamulia. Nilitegemea maswali ya ada na mashamba ya urithi, lakini karibu barua zote zimejaa mastaa. Sawa. Kwa anayefungua safu hii mara ya kwanza: mimi ni mpiga picha, studio yangu iko Moshi mjini, nilianza enzi za filamu na chumba cha giza, na sasa natumia kamera ya kidijitali kama vijana. Ni Mpare wa Usangi niliyeoa Kibosho, kwa hiyo habari za pande zote mbili hunifikia zikiwa bado za moto. Mastaa siwajui kuliko ninyi. Ninachokijua ni picha, na ubuyu wa siku hizi karibu wote unasafiri ndani ya picha.

*

Shikamoo Mjomba. Hapa soko la Kiboriloni tumebishana hadi wateja wanatushangaa. Mimi nauza nguo za watoto, jirani yangu anauza viatu. Yeye anasema Nandy ni Mchaga, mimi nasema ni Mpare. Tumewekeana dau la sufuria nzima ya ndizi nyama. Tuamulie.
— Muuza mitumba, Kiboriloni

Marahaba mwanangu. Mwambie jirani yako aanze kumenya ndizi. Jina la Nandy ni Faustina Charles Mfinanga. Siku ukifika Usangi, simama sokoni uite "Mfinanga!" uone ni vichwa vingapi vitageuka. Kinachomchanganya jirani yako ni mawili. La kwanza, Nandy alizaliwa hapa hapa Moshi mwaka 1992, na watu wa nje wakisikia Moshi wanasikia Mchaga. La pili, mume wake. Billnass ni William Lyimo, na Lyimo sina haja ya kukueleza ni wa upande gani. Walifunga ndoa Julai 2022, na tangu hapo Wachaga wamemhesabu kuwa wao kwa haki ya ndoa, sisi Wapare tunamhesabu kwa haki ya damu. Mpare kwa kesi humwezi, kwa hiyo hilo tutalishinda.

Ila niseme kidogo. Kisanii huyo binti alipikwa Dar es Salaam, pale THT, nyumba ya kulea vipaji vya muziki, ambako wengi wamepita na wachache wametoka na jina. Sisi huku tulichochangia ni kumzaa. Tule ndizi zetu bila kujisifu sana.

*

Shikamoo Mjomba. Mimi ni mgumu, nabeba mizigo ya wageni kupitia geti la Marangu. Msimu uliopita tulikuwa na mgeni ambaye kwao ni mtu mkubwa wa televisheni. Sisi hatukumjua mpaka mgeni mwenzake alipotuonyesha kwenye simu. Usiku wa kwenda kileleni alizidiwa, akatapika, akalia akimwita mama yake, akateremshwa. Mwenzetu mmoja alimpiga picha kwa simu akanirushia na mimi. Mgeni amerudi kwao, ameweka picha akitabasamu na maneno kwamba alifika juu! Sasa mtu wa ukurasa mmoja wa udaku amesikia, anataka kuinunua ile picha, na hela anayoitaja inazidi ninayopata kwa safari nzima pamoja na tipu. Mwongo si anastahili kuumbuliwa? Nina watoto watatu.
— Mgumu, Marangu

Marahaba, na pole kwa kazi. Nianze na hela, maana ndiyo inayokuuma. Hiyo utaipokea mara moja tu. Picha ikitoka, kampuni itauliza nani alikuwa kambini usiku ule, na majina yenu yako getini, mmoja mmoja, kwa kuwa hakuna mgumu anayeingia hifadhini bila kuandikwa. Hawatahangaika kumtafuta aliyebonyeza simu. Wataacha kuwaita ninyi nyote, pamoja na yule mzee wenu wa jikoni ambaye wala hajui kuna picha. Jumlisha safari za msimu ujao utakazokosa, uone kama huyo mnunuzi hajakupata kwa bei ya kutupa.

Kuna jambo la ufundi pia. Picha ya simu hubeba ndani yake tarehe na saa iliyopigwa, aina ya simu, na mara nyingi mahali. Ikirushwa kwa WhatsApp taarifa hizo nyingi hupotea. Kwa hiyo mnunuzi anayejua kazi hataridhika na nakala yako, atataka ile ya asili kutoka kwenye simu ya mwenzako, maana bila hiyo ataambiwa imetengenezwa. Siku akiipata, ameshapata na utambulisho wa mwenye simu. Wewe umeuza picha, mwenzako ameuzwa.

Na sheria ipo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023. Mtu anayetapika hemani ni mgonjwa, na habari za afya ya mtu ni katika zile ambazo sheria hiyo inazifungia mlango zaidi kuliko nyingine. Mwenye ukurasa wa udaku anaweza kuwa anakaa nchi nyingine kabisa. Wewe unakaa Marangu.

Sasa tuje kwenye uongo wenyewe. Mlima huu haujawahi kumwuliza mtu kazi yake. Martina Navratilova, aliyechukua Wimbledon ya wachezaji mmoja mmoja mara tisa, aliteremshwa Desemba 2010 mapafu yakiwa yameingia maji, akalazwa Nairobi, na mwaka huo huo alikuwa ametoka kutibiwa saratani ya matiti. Dunia iliijua habari hiyo na yeye mwenyewe akaizungumza bila kuficha, akabaki na heshima yake yote. Mwaka mmoja kabla, magazeti ya Uingereza yaliandika kwamba Roman Abramovich, wakati huo mwenye Chelsea, alirudishwa na pumzi kabla ya kilele, na fedha zake zote zile. Machi 2009 mastaa tisa wa Uingereza, akiwemo Cheryl Cole na Gary Barlow, walipanda kuchangisha fedha, wote wakafika, wakakusanya zaidi ya pauni milioni 3. Hao kamera ilikuwa nao hatua kwa hatua, ikiwaonyesha walivyochoka na kuugua, kwa sababu walikubali ionyeshe. Mtu akijianika mwenyewe, sisi tutazame, tucheke, tumpe pole. Huyu wako hakumwomba mwenzako ampige picha akimwita mama yake.

Amewadanganya mashabiki wake, hilo ni kweli. Basi kama kuna mwandishi wa kwao anayetaka kujua, vyeti vya kupanda vipo, na cha kufika Uhuru, mita 5,895, si sawa na cha aliyeishia chini yake. Aanze hapo, amwombe staa aonyeshe cheti. Hiyo ni kazi ya mwandishi. Wewe kazi yako ilikuwa kubeba kilo 20 na kumrudisha binadamu akiwa hai, na uliifanya.

Futa hiyo picha, na mwenzako afute. Mwambie pia kwamba tangu intaneti ifikishwe Horombo mwaka 2022, kule juu mita 3,720, kishawishi kimesogea karibu zaidi. Asije akaanza kurusha moja kwa moja kutoka kwenye hema la mtu.

Lakini kama mgeni huyo aliwapunja tipu, au kampuni ilikata, hilo ni jingine kabisa. Lipelekeni kwenye chama chenu cha wagumu, kwa majina na tarehe, na msimung'unye maneno. Hapo mimi niko nyuma yenu.

*

Mambo Mjomba? Kili Paul ni wa Longido au Monduli? Rafiki yangu anasema ni binamu yake.
— Kidato cha tatu, Usa River

Shikamoo imepotelea wapi? Haya. Si wa Longido wala Monduli. Ni Mmasai wa mkoa wa Pwani, kijiji cha Mindu Tulieni, upande wa Chalinze. Alivuma kwa kufuatisha nyimbo za Kihindi kwa midomo, yeye na dada yake Neema, hadi Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, akawataja katika hotuba yake ya redio Februari 2022. Sisi wa mikoa hii tukisikia "Kili" tunadhani ni mali yetu. Habari ya binamu inawezekana, Wamasai wana ndugu kuanzia Narok hadi Kiteto. Mwambie rafiki yako alete picha waliyopiga pamoja, na kingo za mabega nitazikagua mwenyewe, asiniletee ya kubandika.

*

Shikamoo Mjomba. Mimi ni dereva wa watalii, nimechumbia binti wa Machame. Tangu aangalie harusi ya Jux na yule binti wa Kinigeria, mipango yetu imegeuka. Anataka sherehe tatu: Machame, Arusha na Dar es Salaam. Dar hatuna ndugu wengi, ila anasema ndiko waliko wapiga video wazuri. Kamati imeshaanza kugawa kadi za michango na mimi nimeanza kukwepa watu njiani. Nimwambieje bila kumvunja moyo?
— Dereva, Njiro

Marahaba bwana harusi, na hongera. Swali lako nimelipenda kwa sababu limeingia kwenye riziki yangu.

Tuitazame kwanza hiyo harusi yenyewe. Jux na Priscilla Ojo walifunga ndoa Dar es Salaam Februari 2025, wakaenda Lagos Aprili kwa sherehe za kimila za upande wa binti, wakarudi Dar kwa sherehe nyingine Mei. Mchumba wako akihesabu tatu, hajakosea. Lakini hebu uliza kwa nini zilikuwa tatu. Mume ni Mtanzania, mke ni Mnigeria, familia ziko nchi mbili, na mama wa bibi harusi ni Iyabo Ojo, mwigizaji ambaye hata mama watoto wangu hapa Moshi anamfahamu kwa sura. Huwezi kumwoza binti wa mtu kama huyo bila Lagos kukusanyika. Halafu bwana harusi ni mwanamuziki. Kwa mwanamuziki, watu milioni wakikutazama ukicheza na mkeo, hayo ni matangazo, na matangazo yana faida yake mbele ya safari. Wewe ukitazamwa ukicheza, nani atakulipa? Mtalii hachagui dereva kwa kuangalia alivyokata keki.

Ukizitazama picha zile kwa jicho la kazi, hakuna kivuli chini ya kidevu cha mtu yeyote, hata cha shangazi aliyekaa pembeni kabisa. Ukumbini kwetu, ukiwa na taa mbili na umeme unaosinzia, shangazi wa pembeni hutoka mweusi kama sufuria na mimi ndiye ninayelaumiwa. Kule kuna watu wa taa, watu wa sauti, watu wa kumpanga bibi harusi namna ya kushuka ngazi, na wamefika ukumbini kabla yeye hajaamka. Mkipeleka sherehe Dar hamtapata hayo kwa kuwa mko Dar. Mtayapata kwa kuyalipia, na mkitaka kuyalipia, nauli ya basi ya mpiga video kutoka Dar kuja Arusha ni ndogo mno ukilinganisha na kukodi ukumbi wa Dar na kulaza wajomba wa Machame hotelini.

Sasa mwambie hivi, na umwambie kwa furaha, si kwa kulalamika: mpenzi, tatu zako tayari zipo. Sendofu ni ya kwenu, itafanyika Machame, na huko ndafu itasimama katikati ya ukumbi na majani yake mdomoni, mbege itapita, wazee watakuaga. Kicheni pati ni yako na mama zako. Harusi ni ya kwetu, Arusha. Huko Lagos ndiko walikoiga kwetu! (Hilo la mwisho si kweli, lakini mwambie, atacheka.) Staa akivaa nguo tano siku moja watu wanashangaa, Mchaga aliyeozesha binti ameshapitia sherehe zote hizo na bado Krismasi anatarajiwa apande nyumbani na zawadi.

Na michango uipunguze mapema. Huyo unayemkwepa njiani ana kadi za watu wengine mfukoni, hasa mkifunga ndoa Desemba wakati kila mtu amerudi nyumbani na kila ukoo una harusi yake. Kaa na mwenyekiti wa kamati, mkate bajeti kwa hela iliyokwisha kupokelewa, si ile iliyoahidiwa. Ahadi za michango nazijua. Nimewahi kumaliziwa hela ya albamu na maharusi waliokuwa wameshapeleka mtoto kliniki.

Kwa kuwa tumemtaja Jux, wengi mmeniuliza Vanessa Mdee anaionaje harusi hiyo. Sijui anaionaje na sitabuni. Ninachoweza kuwaambia watu wa Arusha ni kwamba huyo mzaliwa wenu hana muda wa kununa. Yeye na Jux waliachana 2019, mwaka 2020 akatangaza kuacha muziki kwa kinywa chake, akaeleza na sababu, na sasa yuko Marekani na Rotimi, mwigizaji na mwimbaji mwenye asili ya Nigeria, na wana watoto wawili. Vanessa alienda kwa Mnaijeria, Jux naye akaenda kwa Mnaijeria. Hapo hata mimi nilicheka peke yangu studioni.

*

Mjomba, mimi ni Laizer na bilionea Saniniu ni Laizer. Nimfikieje anisaidie mtaji wa bodaboda?
— Laizer mwenzake, Ngaramtoni

Kijana, Juni 2020 mzee huyo alipoiuzia serikali mawe mawili ya tanzanaiti, moja kilo 9.27 na jingine kilo 5.1, kwa shilingi bilioni 7.74, ukoo wa Laizer uliongezeka kwa usiku mmoja. Agosti akapata jiwe la tatu, ukaongezeka tena. Wakati ule iliandikwa kwamba ana wake wanne na watoto zaidi ya 30. Foleni inaanzia sebuleni kwake, wewe uko Ngaramtoni. Tafuta vijana wenzako mjisajili kikundi, mwende halmashauri mkaulizie mikopo ya asilimia 10, ile inayotengwa kutoka kwenye mapato yake. Huko hawaulizi ukoo.

*

Shikamoo Mjomba. Ni binti wa miaka 22, nasuka nywele Majengo, Moshi. Msanii mkubwa (jina lake nimekuandikia pembeni, usilitoe) ameniandikia Instagram kwamba ameipenda sauti yangu kwenye video niliyoweka, anataka nishiriki wimbo wake. Akaunti ina alama ya bluu. Meneja wake anataka nitume hela ya usajili kwa namba ya simu kabla ya Ijumaa. Mama ameshaenda kukopa kwa kaka.
— Msusi, Majengo

Marahaba binti. Mkimbilie mama kwanza, hiyo hela isitoke. Ukirudi ndiyo usome yanayofuata.

Jina ulilonitajia sitalitoa, hasa kwa sababu naamini mwenyewe hajui lolote. Alama ya bluu isikulevye. Zamani ilitolewa kwa watu maarufu tu, ila tangu 2023 kampuni ya Meta, wenye Instagram, ilianza kuiuza kwa malipo ya kila mwezi. Nimefungua huo ukurasa. Picha nyingi zimekatwa sehemu ya chini, pale ambapo mpiga picha au ukurasa wa asili huweka jina lake. Mimi mwenyewe huandika langu hapo hapo, kwa hiyo nimeshazoea kuona panapokatwa. Tena hakuna picha hata moja ambayo haipo kwenye ukurasa wake halisi wenye wafuasi wengi. Msanii gani ana akaunti mbili na ya pili haina hata picha ya chakula chake?

Zaidi ya hayo, studio inayokutaka inakulipia nauli. Haijawahi kuwa kwamba anayeitwa kazini ndiye anayelipa.

Ujumbe wa kitapeli utume kwenda 15040, ukiweka na namba iliyokutumia. Hiyo ni namba ya kitaifa kwa kazi hiyo. Kisha bonyeza *106# kwenye simu yako, uangalie kama kuna laini zimesajiliwa kwa kitambulisho chako usizozijua, kwa sababu kama ulishampa "meneja" namba yako ya NIDA kwa ajili ya mkataba, anaweza kuwa ameitumia. Na sauti yako nimeisikiliza kwenye ile video. Ni nzuri. Endelea kuweka.

*

Oya Mjomba, heshima yako. Machalii wa kijiwe cha Ngarenaro tunabishana. Dogo Janja alipomuoa Irene Uwoya 2017, ilikuwa ndoa au kiki? Na kwa nini mastaa wakigombana tu, wimbo unatoka?
— Kijiweni, Ngarenaro

Heshima kwenu machalii. Hilo la kwanza miaka yote hii bado mnalo? Ni kijana wenu, amekulia mtaani kwenu, mngemwuliza mlipokutana naye dukani. Picha zilitoka, wao wakasema wameoana, nchi ikagawanyika, ndoa haikudumu. Ndoa kuwa fupi si ushahidi kwamba haikuwepo. Mngekuja studioni kwangu mkaona albamu zisizodaiwa na mtu, msingerudia swali hilo.

La pili ndilo lenye nyama. Mastaa wetu wamejua kwamba tarehe ni nusu ya habari. Zari Hassan alipomwacha Diamond, aliweka ua jeusi Instagram tarehe 14 Februari 2018, siku ya wapendanao. Angeweza kungoja kesho yake. Hakungoja, na mpaka leo watu wanaikumbuka tarehe kuliko maneno yenyewe. Hapo simlaumu hata kidogo. Mtu aliyeumizwa hadharani ana haki ya kuchagua siku yake. Harmonize naye, Aprili 2022, aliweka bango kubwa la barabarani kumwomba Kajala msamaha, Juni akamvisha pete, Desemba mwaka huo huo wakawa wameachana, na katikati ya safari hiyo nyimbo zilikuwa zinatoka. Mapenzi yalikuwepo? Inawezekana kabisa. Biashara ilikuwepo? Hiyo haina "inawezekana". Mtu anaweza kulia kweli na bado akakumbuka kuwasha taa.

Kipimo changu ni kidogo tu. Nikiona ugomvi, naweka simu chini wiki mbili, kisha naangalia kimetoka nini: wimbo, manukato, tamasha, au mtoto. Kikitoka mtoto, naamini.

Tena ninyi wa Arusha msinifanye nidhani hamjui njia nyingine ya kutajwa. Nikki wa Pili wa kundi la muziki la Weusi, Juni 2021, aliteuliwa kuwa mkuu wa wilaya ya Kisarawe. Nchi nzima ilizungumza siku hiyo na hakuna aliyevuliwa pete.

*

Shikamoo Mjomba. Babu yangu anakaa Ngare Nanyuki. Kila tukikaa anatuambia alimwona John Wayne kwa macho yake alipokuwa mtoto, na ana picha iliyofifia yenye wazungu na gari la wazi. Sisi wajukuu tunamcheka. Inawezekana?
— Mjukuu, Tengeru

Marahaba. Acheni kumcheka mzee haraka sana.

Filamu ya Hatari! ya Howard Hawks ilipigwa huku kwetu kuanzia mwisho wa 1960 hadi mwanzo wa 1961, bendera ya mkoloni ikiwa bado inapepea, ikaonyeshwa 1962. John Wayne alicheza kiongozi wa watu wanaokamata wanyama kwa ajili ya mbuga za maonyesho, na waigizaji wenyewe ndio waliowakimbiza faru na twiga kwa magari. Sehemu kubwa ya kazi ilikuwa Momella. Kutoka Momella hadi Ngare Nanyuki ni jirani. Mtoto wa kijiji akisikia kuna mzungu mrefu anakimbiza faru mbele ya kamera, unadhani angebaki kuchunga mbuzi?

Mwenzake mmoja katika filamu hiyo, Mjerumani Hardy Krüger, alipenda mahali pale akanunua shamba na kuishi hapo miaka mingi baada ya wenzake kurudi kwao. Alifariki Januari 2022. Kwa hiyo wazee wa upande huo waliomfahamu mwigizaji wa sinema kama jirani wapo, na babu yenu anaweza kuwa amechanganya wawili hao. Hapo ndipo picha inapofaa. John Wayne alikuwa na futi sita na inchi nne. Akisimama kando ya gari, mlango unamwishia pabaya. Krüger hakufikia urefu huo. Nikiiona hiyo gari nitajua aina yake, na nikijua aina yake nitajua kimo cha aliyesimama.

Mleteni babu mwenyewe, asiachwe nyumbani mkaja na picha peke yake, maana nyuma ya picha kunaweza kuwa na mhuri au maandishi na yeye ndiye atakayesema ya nani. Itieni kwenye bahasha ngumu. Msiifute kwa maji wala spiriti, na nawaomba sana msiipeleke kwa wale vijana wa steshenari wakaipiga laminesheni. Jumatatu asubuhi nipo, kabla sijaanza picha za pasipoti.